Greda Iliyokula Barabara

Ukitaka kukadiria umri wa barabara ya changarawe huku Trans Nzoia na Bungoma, achana na njia yenyewe, tazama kingo zake. Ziko njia za mashambani, upande wa Endebess na upande wa Tongaren, ambako mizizi ya ua wa shamba inamfikia mpita njia kiunoni. Mgeni hudhani barabara ilichimbwa hivyo makusudi, au ilididimia. Haikudidimia. Ilikwanguliwa. Greda ilipita mwaka huu ikaondoa unene wa kidole, ikapita mwaka uliofuata ikaondoa mwingine, mvua ikakibeba kilichosukumwa kando hadi mto Nzoia, na baada ya miaka hamsini barabara ikawa ndiyo mtaro.

Nasema haya mapema kwa sababu hakuna mashine inayopendwa huku kuliko greda. Mngurumo wake ukisikika asubuhi watoto hutoka mbio, wenye maduka husimama mlangoni, na mzee wa mtaa hujitokeza kumwonyesha opereta mahali maji yanapokata njia. Haipendwi bure. Lakini greda ina kazi mbili, kutandaza na kukwangua, na kwa takriban miaka mia moja kati ya Kitale na Bungoma imefanyishwa sana ile ya pili.

Barabara ya kwanza ya serikali kuelekea pande hizi haikuhitaji greda kwa sababu haikuwa na magari. Katikati ya miaka ya 1890 Kapteni Bertram Sclater, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alipasua njia ya mikokoteni kutoka Kibwezi, ikapita Eldama Ravine na kushuka hadi Mumias na Busia. Ni miaka hiyo hiyo, 1895, ambapo Wabukusu walishambuliwa na majeshi ya Waingereza na washirika wao kwenye ngome ya Chetambe, juu ya mji unaoitwa Webuye leo. Njia na bunduki vilikuja pamoja, na kwa muda mrefu watu wa huku hawakuona sababu ya kuvitenganisha.

Upande wa Kitale mambo yalikwenda kwa ng'ombe. Makaburu waliofika nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908 walipanda kutoka stesheni ya Nakuru na magari marefu yaliyovutwa na ng'ombe jozi kwa jozi, na waliokuwa na hamu ya kwenda mbele zaidi walivuka Nzoia kwenye daraja la Arthur Cecil Hoey, mahali palipoitwa Hoey's Bridge na baadaye Moi's Bridge. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali iligawia maaskari Wazungu mashamba huko Trans Nzoia. Mahindi yakaanza kutoka kwa wingi, yakazama kwenye matope yale yale. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, kila njia ya shambani iligeuza uso kuelekea stesheni. Ukitazama ramani ya Trans Nzoia hata leo utaona barabara za zamani zinamiminika Kitale kutoka pande zote, Endebess, Kwanza, Saboti, Cherangani, kwa kuwa zilichorwa na gunia la mahindi likitafuta behewa. Behewa lenyewe lilikoma kuja zamani. Barabara zimebaki na mwelekeo ule ule.

Upande wa Bungoma, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini, gunia halikuulizwa. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliwapa machifu nguvu ya kuwatoa watu kwenda kutengeneza njia bila malipo, hadi siku 24 kwa mwaka. Mwaka 1920 ikaongezwa kazi ya lazima ya serikali, hii yenye ujira mdogo, hadi siku 60. Jembe ulikuja nalo mwenyewe. Mawe yalibebwa kichwani, changarawe ikamwagwa kwa karai na kushindiliwa kwa magogo na nyayo, na aliyekosa kufika alijua jina la askari wa chifu atakayemfuata. Mkuu wa Idara ya Ujenzi wa Umma, PWD, kwa muda mwingi wa kipindi hicho alikuwa William McGregor Ross, na jambo la ajabu ni kwamba baada ya kustaafu yeye ndiye aliyeandika mwaka 1927 mojawapo ya vitabu vikali zaidi dhidi ya kazi za kulazimishwa nchini Kenya. Alijua alichokuwa akikisema. Kabla yake, Desemba 1921, vijana wa Nyanza waliosoma misheni walikuwa wamekutana Lundha, Gem, wakaunda Young Kavirondo Association, na kazi za shuruti zilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makuu.

Kwa hiyo tangu mwanzo changarawe ya huku ilikuwa na matabaka mawili, na sisemi ya udongo. Kufuatia sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1928, walowezi wa Trans Nzoia walipata Baraza la Wilaya lao, lenye ruzuku ya serikali kwa ajili ya barabara. Ng'ambo ya mpaka, Baraza la Wenyeji lilitegemea kodi ya wenyeji na migongo yao. Mashine zilipoanza kuonekana, si vigumu kukisia zilianzia upande upi.

Mashine yenyewe ni ya Wamarekani. Mwaka 1885 J. D. Adams wa Indiana alitengeneza greda ya kuvutwa na wanyama iliyokuwa na jambo jipya moja: magurudumu yake yaliweza kuinamishwa. Ukisukuma udongo kwa bamba lililokaa mshazari, udongo nao unakusukuma ubavuni, na mashine yenye magurudumu wima huteleza kuelekea mtaroni. Ukiyainamisha, hujikita. Mbinu hiyo haijapata mrithi hadi sasa. Tazama greda yoyote ikiwa kazini na utaona magurudumu yake ya mbele yamelala upande, kama mtu anayevuta kamba. Mwaka 1903 Richard Russell na C. K. Stockland walianzisha kampuni yao Minnesota, na kufikia karibu mwaka 1920 walikuwa wamelifunga bamba chini ya trekta ili lijiendeshe lenyewe. Caterpillar ikainunua kampuni hiyo mwaka 1928. Mwaka 1931 ikatoa greda ambayo haikuwa trekta iliyovishwa nguo nyingine. Injini iliwekwa nyuma, opereta katikati, na bamba mbele ya macho yake. Nambari 12 ikafuata mwaka 1938, na umbo lake ndilo umbo ambalo mtoto yeyote wa Kiminini angekuchorea mchangani ukimwambia achore greda.

Zama za katikati, zile za greda ya kukokotwa, zilidumu sana Afrika Mashariki. Katapila lilitangulia likivuta, na nyuma yake fremu ya chuma yenye bamba, ambapo mtu wa pili alisimama akizungusha magurudumu mawili makubwa ya mkono, moja kwa kila ncha ya bamba. Wa mbele hakuona bamba na wa nyuma hakuona njia. Walielewana kwa kupiga kelele. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia greda za injini zilienea katika makoloni, za Marekani na za Aveling-Barford kutoka Grantham, Uingereza. Nchini Kenya wakala wa Caterpillar alikuwa Gailey & Roberts, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1904, na rangi ya njano ikawa ndiyo rangi ya kazi ya serikali.

Hapa inabidi tusimame tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaoiona hawaielewi, na miongoni mwao ni baadhi ya wanaoilipia.

Barabara ya changarawe si bapa. Ikiwa bapa imeshaharibika. Inatakiwa iwe na mgongo, na barabara ya mita 5 upana inatakiwa iwe juu katikati kuliko kwenye ukingo kwa sentimita 12 hadi 15, ili maji yakianguka yasipate mahali pa kukaa. Maji yakikaa hulainisha moramu, yaani changarawe yenyewe, gurudumu hukanyaga, moramu huruka, na shimo huzaliwa. Kwa hiyo opereta mzuri hafukii mashimo. Anarudisha mgongo. Anaanza kwa kushusha meno ya kuchimbua na kuipasua barabara nzima hadi chini ya shimo lililo refu kuliko yote. Asipofika chini ya shimo, atakachokuwa amefanya ni kulijaza vumbi, na kufikia wiki ya pili shimo litarudi mahali pale pale, upana ule ule, mithili ya mdai.

Kisha tipa huja. Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Tabaka la sentimita 15 baada ya kushindiliwa, upana wa mita 5, urefu wa kilomita moja, ni mita za ujazo 750. Moramu ikiwa haijashindiliwa huvimba, kwa hiyo utahitaji kama mita za ujazo 1000 kutoka machimboni, yaani safari mia za tipa ya mita 10. Kwa kilomita moja tu. Matipa humwaga marundo kwa vipimo, rundo baada ya rundo upande mmoja, na greda huingia ikiwa imegeuza bamba lake la mita 3.66 mshazari. Inalikata rundo, udongo unabingirika kuelekea ncha ya nyuma ya bamba na kuacha tuta refu katikati. Inarudi, inalihamisha tuta upande wa pili. Boza la maji linapita. Greda inalihamisha tena tuta hadi udongo mkavu na mbichi uchanganyike na rangi yake iwe moja, kisha ndipo inautandaza. Mwendo ni wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Ukizidisha, mashine huanza kudunda, na bamba linalodunda huchora mawimbi barabarani. Mwisho rola, ikianza kingoni na kusogea katikati, maana ikianza katikati huusukuma mgongo ukalala.

Waendeshaji wa zamani husema kazi hii hujifunzwa kwa makalio, na si matusi. Katika greda za zamani, zenye vishikio vya chuma kumi na kitu mbele ya usukani, opereta alikuwa akisoma barabara kupitia kiti. Kiti kikiinama ukijua mbele kumeingia bondeni, ungeinua ncha ya bamba kabla bamba halijafika bondeni. Ukingoja uone, umechelewa. Miguu ilishikilia klachi na breki, mikono ikicheza vishikio viwili kwa pamoja, na katika mashine za mwanzo, ambazo vishikio vyake havikutumia haidroliki, jiwe likigonga bamba kishikio kiliweza kumpiga opereta mkono. Utingo alitembea mbele akitoa mawe makubwa na kuangalia mabomba ya maji ya watu. Ndiye aliyerithi kiti siku moja. Vyuo vilikuja baadaye, vya wizara na vya Huduma ya Vijana kwa Taifa iliyoundwa mwaka 1964, lakini wengi wa kizazi cha kwanza cha Waafrika walioshika greda walianzia chini, wakitembea mbele yake.

Jambo jingine ambalo wakazi huliuliza ni kwa nini greda huja mvua ikinyesha. Linaonekana kama wazimu, na mara nyingine ni wazimu kweli, hasa likifanywa siku ya gharika. Lakini moramu kavu haishikamani. Ukiikwangua Januari, jua la Kitale likiwaka na boza la maji halipo, unatengeneza vumbi la siku tatu, kisha upepo unaondoka na ile sehemu laini iliyokuwa ikigandisha kokoto. Kitale hupata milimita 1200 hivi za mvua kwa mwaka, Bungoma zaidi, na kwa sehemu kubwa mvua hiyo huanguka kati ya Machi na Oktoba. Wakati mzuri wa greda ni mwanzo na mwisho wa msimu huo, udongo ukiwa na unyevu wa kutosha kufinyangika. Bahati mbaya fedha za serikali hazifuati unyevu. Mwaka wa fedha unaisha Juni, zabuni zinachelewa, na kazi inaangukia popote inapoangukia.

Na ile mitetemo? Vituta vidogo vya mfululizo vinavyolegeza meno abiria wakitoka Chwele, watu husema vinaletwa na malori mazito. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, wanafizikia wa Ufaransa, Kanada na Uingereza, walizungusha meza ya mchanga chini ya gurudumu dogo na kuona kwamba vituta hujitokeza vyenyewe mwendo ukivuka kiwango fulani, hata gurudumu likiwa halina springi. Kwa hiyo bodaboda imo, matatu imo, na lori limo. Hakuna changarawe inayokimbiwa kasi isiyojikunja. Dawa ni greda, mara kwa mara, milele.

Neno hilo, milele, ndilo wapangaji hawakulipenda. Barabara ya changarawe yenye magari ya kutosha hupoteza sentimita 1 hadi 3 za unene kila mwaka, hata ikitunzwa. Chukua 2. Tabaka la sentimita 15 limekwisha kabla mwaka wa nane haujaisha, na kuanzia hapo greda inayopita bila tipa inakwangua udongo wa asili. Barabara inaonekana nzuri kwa wiki kadhaa, laini, nyekundu, ya kupigwa picha. Ndiyo barabara inayoliwa.

Uhuru uliikuta Kenya na takriban kilomita 1800 tu za lami. Kote kwingine kulikuwa udongo na changarawe, na sehemu kama Trans Nzoia zikapata mzigo ambao hazikuundiwa. Kuanzia 1962 mashamba ya walowezi yalikatwakatwa kuwa maskani ya wakulima wadogo: Ndalu, Tongaren, Naitiri, na mengine. Njia iliyokuwa ikitumiwa na familia moja na lori lake la mavuno ikawa ya familia mia kadhaa, shule, soko na kanisa. Mipaka ya kisiasa nayo ilichorwa wakati huo huo. Masinde Muliro alitaka Kitale iwe Magharibi, akashindwa, na Trans Nzoia ikaingia Bonde la Ufa huku Bungoma ikibaki Mkoa wa Magharibi. Mabishano hayo yameandikwa sana. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba mstari ule uligawa pia greda. Kambi moja ya barabara iliripoti Nakuru, makao makuu ya mkoa wake, nyingine ikaripoti Kakamega. Mkulima wa Kamukuywa na mwenzake wa Kiminini wanauza mahindi kwa madalali wale wale, ila wametunziwa barabara na ofisi mbili zilizokuwa mbali sana.

Kipindi ninachokiona bora kuliko vyote, na wengine watanibishia, kilikuja mwaka 1974 na hakikuwa cha greda. Serikali, pamoja na Shirika la Kazi Duniani na wafadhili, ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliorudisha jembe na karai, safari hii kwa malipo. Wanaume na wanawake wa kijiji walichimba mitaro, wakajenga mgongo wa barabara kwa kamba na vigingi, na trekta ndogo zenye trela zikaleta changarawe. Zaidi ya muongo mmoja baadaye kulikuwa na kilomita 8000 hivi za njia kama hizo nchini, na chuo cha Kisii kikawa kinapokea wahandisi kutoka mataifa mengine ya Afrika kuja kuona jinsi inavyofanywa. Kilichonivutia ni utunzaji. Mkazi mmoja alipewa kilomita moja au mbili mbele ya nyumba yake, analipwa kwa mwezi, kazi yake kuzibua kalvati, kufyeka, na kuziba shimo likiwa bado la ukubwa wa sahani. Huyo mtu alikuwa na faida ambayo greda haina: alikuwepo mvua ikinyesha. Aliona maji yanapita wapi. Mpango ulibadilishwa majina, ukawa wa barabara ndogo, kisha Roads 2000, ukapungua nguvu fedha za wafadhili zilipopungua.

Miaka hiyo hiyo Kitale ilipata barabara kubwa kwa fedha za Norway, ile ya kwenda Lodwar, na Bungoma ikapata kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoundwa 1975 na kuanza kusaga 1978. Kiwanda kilileta njia mpya na adui mpya. Trekta lenye matrela ya miwa halingoji barabara ikauke, kwa kuwa muwa uliokatwa hupoteza sukari kila siku unayolala shambani. Yeyote aliyewahi kupita Bukembe mwezi wa Mei anajua matokeo.

Kisha ikaja miaka ya 1990, na nitaipita upesi kwa sababu ni hadithi inayojulikana. Bajeti zilikatwa, vipuri vikakosekana, nyua za wizara zikajaa mashine zilizosimama juu ya mawe, moja ikiliwa vipuri ili nyingine itembee. Ushuru wa mafuta kwa ajili ya barabara uliwekwa kwa sheria mwaka 1993. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaonyesha kile ambacho miaka kumi ya kukwangua bila kutandaza ilikuwa imefanya: barabara zilizokuwa chini kuliko mashamba ziligeuka mito.

Bodi ya Barabara iliundwa kwa sheria ya 1999, mamlaka tatu za barabara zikafuata kwa sheria ya 2007, na mwaka 2013 kaunti zikazaliwa. Ghafla greda ilikuwa na mabwana wengi. Mbunge ana sauti katika fedha za mamlaka ya barabara za vijijini. Gavana ana kaunti na mashine zake. Mwakilishi wa wadi ana wapiga kura wanaojua namba yake ya simu. Ushuru wa mafuta umepanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024, na magavana na wabunge wamefikishana mahakamani kuhusu nani ashike sehemu ipi. Wakati huo huo greda ya wastani hunywa lita 15 hadi 20 za dizeli kwa saa, na kiongozi mwenye mashine mpya asiye na bajeti ya dizeli ana kumbukumbu ya chuma uani. Bungoma, ambayo mwaka 2015 ilijulikana nchi nzima kwa toroli 10 zilizonunuliwa kwa zaidi ya shilingi milioni moja, inajua kwamba bei ya chombo na kazi ya chombo ni vitu viwili.

Siasa imeipenda greda kwa sababu inaonekana. Kalvati iko chini ya ardhi. Mtaro hakuna anayeupiga picha. Rola hufika siku ya pili, wakati mgeni wa heshima ameshaondoka, kama itafika. Lakini greda ikipita kwenye njia ya kijiji wiki tatu kabla ya uchaguzi, kila mtu ameiona, na kilomita kumi zinaweza kukwanguliwa kwa siku mbili bila tipa hata moja kushusha mzigo. Kutandaza kilomita hizo kumi kungehitaji safari elfu moja za tipa. Tofauti ya gharama ni kubwa mno kiasi kwamba zile mbili hazipaswi kuitwa kwa jina moja, na bado kwenye hotuba zote ni "kutengeneza barabara".

Mashine zimebadilika. Vile vishikio vingi vimeondoka katika greda mpya za Caterpillar tangu 2007, na mahali pake pana vijiti viwili tu, kimoja kwa kila mkono, hata usukani haupo. Greda za China na Japani zimejaa, kibanda kina kiyoyozi, na ziko zinazoongozwa na setilaiti ili bamba lijue lenyewe mteremko unaotakiwa. Vijana wanaozishika wanamaliza mafunzo kwa wiki ambazo wazee wao walitumia kuokota mawe. Sina ugomvi nao. Ila setilaiti itakupa mteremko, haitakuletea changarawe.

Na changarawe ndiyo inayokuwa adimu. Moramu nzuri ni tabaka jembamba juu ya miinuko, ilichukua vizazi vya mvua na jua kugandisha chuma na kokoto, na tumeichimba tangu enzi za karai. Machimbo ya zamani ya wizara yamekuwa vidimbwi vya maji ya mvua, mengine yamezungukwa na nyumba. Mwenye shamba lenye kilima cha moramu sasa anajua anacho nini, na anauza kwa tipa. Lami imepunguza mzigo mahali pengine: barabara ya Kitale hadi Suam kupitia Endebess, kilomita 45, ilipata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2017, na katika muongo uliopita njia kadhaa za Bungoma zimetandikwa ile lami nyembamba ya barabara zenye magari machache. Hata hivyo, kati ya zaidi ya kilomita 160,000 za barabara nchini, nyingi bado ni za udongo na changarawe, na zile zinazoingia mashambani Kwanza, Sirisia au Kabuchai hazitaona lami leo wala kesho. Mkandarasi anayeomba kazi ya kuziwekea changarawe siku hizi huanza kwa kuuliza chimbo liko wapi, mwenyewe anauza kwa bei gani, na ni kilomita ngapi hadi kazini. Greda huijumlisha mwisho, maana ya kukodi haikosekani.